Mlango wa Kushoto wa Landrova

Gari la zamani halina rangi moja. Jicho huona ile ya juu tu, lakini ukikwangua mahali palipoanza kubanduka utazikuta nyingine zimelaliana kama maganda ya kitunguu. Landrova ya marehemu baba yetu ilikuwa na rangi nne: nyeupe juu, chini yake buluu, chini ya buluu rangi ya maziwa, na chini kabisa, imeng'ang'ania bati, kijani kile kizito ambacho watu wa umri wetu wakikiona hukumbuka serikali, misheni au polisi. Tulitumia sehemu kubwa ya mwaka 2024 kuzitoa rangi hizo zote. Tumeombwa tueleze kazi hiyo iligusa wapi imani yetu, nasi tutaeleza, ila msomaji atuvumilie tuanze na gari lenyewe. Bila kulijua gari, jambo lililotupata halieleweki.

Sisi ni ndugu wanne, wanaume watatu na dada mmoja. Tunaandika pamoja kwa sababu hakuna kati yetu mwenye haki ya kuisimulia habari hii peke yake, na pia kwa sababu kila mmoja alishika msasa.

Baba alikuwa dereva wa hospitali moja ya misheni huku Kilimanjaro. Landrova hiyo, 109 Series III ya mwaka 1974, ndiyo aliyoiendesha kazini, na hospitali ilipoipiga mnada mwaka 1983 aliinunua kwa fedha za kahawa na akiba yake yote. Tangu siku hiyo ikawa gari la kijiji. Ilibeba kahawa kwenda chamani, ndizi kwenda sokoni, wagonjwa, maharusi na majeneza. Alipofariki mwaka 2019 ilikuwa imesimama miaka mingi bandani, pembeni ya kihamba. Krismasi ya 2023, tulipopanda nyumbani kama Wachagga wote wapandavyo, Mama alituita baada ya chakula akasema, "Hilo gari ama mlitengeneze, ama mliuze, ama mniondolee. Kuku wanataga ndani."

Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyesema tulitengeneze. Alikuwa amesikia habari za tamasha la Landrova lililokuwa likiandaliwa Arusha, lile lililofanyika Oktoba 2024, akataka gari la Baba liwemo kwenye msafara. Tukakubaliana tukutane kila Jumamosi ya pili ya mwezi na kila sikukuu, na mdogo wetu wa mwisho, anayeishi nyumbani na Mama, ashike kazi za katikati.

Injini haikutusumbua sana, nayo tunaipita. Kazi ilikuwa bodi.

Landrova ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, vita ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu na chuma kilikuwa adimu, kikigawiwa kwa vibali. Alumini ilipatikana. Basi wale wahandisi wakaweka chasisi ya chuma, ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, na fremu za milango za chuma, lakini mabati ya nje wakayafanya ya alumini iliyochanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Kile kilichoanza kama shida ya wakati kikawa sifa ya gari kwa miaka yote iliyofuata. Ndiyo maana utaona Landrova ya miaka hamsini imesimama kwenye mvua, chasisi yake imeliwa na kutu, na ubavu bado mzima.

Lakini alumini ina tabia zake, na anayeitoa rangi bila kuzijua ataharibu kitu kilichohimili nusu karne. Tulishauriwa njia nyingi za haraka. Jirani mmoja alisema tutumie kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kwa kuwa inakula rangi kama mchwa. Fundi wetu wa bodi, mzee mpole kutoka Moshi mjini, hakubishana naye. Alichukua mfuniko wa sufuria uliotoboka, akautia kwenye ndoo ya kostiki, akatuambia tukae mbali. Maji yakachemka bila moto, povu likapanda, mvuke ukatoka. Alipoutoa mfuniko kwa kijiti ulikuwa mwembamba kama karatasi, na ukingo wake haukuwepo. "Rangi itatoka kweli," alisema. "Na mlango utaondoka nayo."

Wengine walisema tupeleke gari kwa wapiga mchanga. Mchanga unaorushwa kwa kompresa husafisha chasisi vizuri sana, na chasisi tulipeleka huko. Bati jembamba la alumini likipigwa hivyo hupinda mawimbi mawimbi, na hakuna nyundo itakayolirudisha. Kaka alitaka grenda yenye brashi ya waya. Fundi akakataa nayo: vipande vidogo vya waya wa chuma hujichoma ndani ya alumini, hubaki humo, na baada ya mwaka rangi mpya huanza kuvimba malengelenge. Moto wa gesi? Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ukizichoma, unavuta risasi kwa pua yako.

Njia iliyobaki ilikuwa ya polepole. Ipo dawa ya kutoa rangi, nzito kama uji wa ulezi. Unaipaka kwa brashi upande mmoja, huirudii rudii, unaifunika kwa nailoni isikauke, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unakuta rangi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hapo unaikwangua kwa kipande cha mbao au plastiki, kamwe si kwa chuma, kisha unaosha kwa maji na kuanza upya, kwa sababu mara nyingi imetoka rangi moja tu. Tulinunua dawa isiyo na methilini kloridi, ambayo mvuke wake umeua watu waliofanya kazi hii katika vyumba vilivyofungwa. Hata hivyo tulifanya kazi nje, kwa glavu na barakoa, na palipobaki vidonda vya rangi tulipiga msasa wa maji ili vumbi lisipeperuke. Watoto walifukuzwa. Makapi yote tuliyakusanya kwenye mifuko. Hakuna hata ganda moja lililotupwa kwenye migomba, maana udongo ule ndio unaotulisha.

Tukiri kwamba saa nyingi za namna hiyo humfanya mtu ahubiri. Siku moja mdogo wetu alisema yako mahubiri ya kostiki, nasi tulicheka, lakini alikuwa na hoja. Tumewaona watu wakisimamishwa mbele ya umati na kuamriwa wavuliwe kila kitu kwa usiku mmoja, kwa kelele, na wakarudi nyumbani wembamba kama ule mfuniko. Hatusemi Mungu hawezi kufanya kazi kwa usiku mmoja. Tunasema tu kwamba anajua bati lake limetengenezwa kwa nini.

Rangi nyeupe ilitoka upesi. Ilipigwa mwaka 1999, ndugu yetu wa tatu alipokuwa akioa, na ilipigwa kwa bei nafuu. Sehemu nyingine tuliivuta kwa vidole. Buluu ilikuwa ngumu zaidi. Tunaikumbuka ilipokuja. Tulikuwa watoto, mwaka 1987, gari liliondoka nyumbani likiwa na rangi ya maziwa na wiki mbili baadaye likarudi buluu, na dada yetu alilia akidhani Baba ameuza letu na kununua jingine. Chini ya buluu, kwenye mlango wa kulia, ulitokea msalaba na herufi za jina la hospitali, zimefifia lakini zinasomeka. Hapo kazi ilisimama kwa saa nzima. Kwa watu wa magari ya kale wako wanaosema rangi ya kwanza isiguswe hata ikiwa imechakaa, kwa kuwa gari huzaliwa mara moja tu. Tuliwaelewa siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Dada aliweka karatasi nyembamba juu ya herufi akazifuatisha kwa penseli, moja moja, ndipo tukaendelea.

Mlango wa kushoto haukuwa hivyo.

Kwenye gari la kawaida la chuma, fundi hupitisha sumaku: ikikataa kushika, ujue chini kuna puti. Kwenye Landrova ni kinyume. Sumaku hushika pembezoni mwa mlango, penye fremu, na katikati inateleza na kuanguka, kwa kuwa alumini haivutwi. Fundi alipoipitisha katikati ya mlango wa kushoto ikanata, tak. Alituangalia, hakusema kitu. Tulitoa nyeupe, tukatoa buluu, na chini ya buluu hapakuwa na rangi ya maziwa wala kijani. Palikuwa na puti, na chini ya puti bamba la chuma lililopigwa ribiti juu ya bati lililobonyea. Kuzunguka ribiti alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe kama chumvi. Ndivyo ilivyo metali mbili tofauti zikigusana na unyevu ukapita katikati: moja hulika, na kati ya chuma na alumini huwa ni alumini.

Hivyo tulijua kwa nini gari lilirudi buluu. Halikupakwa kwa ajili ya urembo.

Kuhusu mwaka 1987 tulijua kile ambacho watoto hujua, yaani vipande. Ilikuwa Aprili, masika, usiku. Baba alikuwa akimteremsha hospitali mama mmoja kijana aliyeshindwa kujifungua, na mumewe alikuwa nyuma. Kwenye kona yenye utelezi gari lililalia ubavu, likaingia korongoni. Watu waliwatoa, wakawabeba, wakafika. Mama yule na mtoto walifariki siku mbili baadaye, na kama ni kwa ajali au kwa uchungu ule uliokwisha kuchelewa, hakuna daktari aliyesema. Baba hakulitaja jambo hilo mbele yetu hata mara moja kwa miaka thelathini na miwili. Yule mume alioa tena. Ni mzee sasa, wa usharika wetu, na Jumapili hukaa benchi la tatu kutoka letu. Shuleni tuliwahi kuambiwa na mtoto mmoja kwamba baba yetu aliua akapaka rangi. Tulipigana naye, lakini neno lile halikutoka.

Na sasa tulikuwa tumelitoa kwa mikono yetu wenyewe, limekaa juani, kila apitaye njiani analiona.

Kaka alisema tuweke puti mpya, tupige rangi, tuwahi Arusha. Hakuwa mkatili. Alisema Baba alichagua kufunika na mtoto hana ruhusa ya kumvua baba yake nguo. Akamtaja Nuhu na wanawe, wale wawili waliotembea kinyumenyume na vazi mabegani. Dada, ambaye ni mwalimu na pia mzee wa kanisa, alimjibu kwa Ezekieli. Katika sura ya 13 wako manabii wanaokuta watu wamejenga ukuta dhaifu, nao badala ya kuwaambia wanaupaka chokaa, na Bwana anasema ataleta mvua kubwa na mawe mpaka msingi uonekane. "Hiyo puti," dada alisema, "ndiyo chokaa hiyo." Walinyamaziana Jumamosi mbili. Ndugu yetu wa tatu akasema jambo ambalo lingesemwa mapema na yeyote: tumwulize Mama.

Mama alikuwa akichambua maharage. Hakuacha. Alisema, "Nilijua mtafika kwenye ule mlango. Si langu kuwaambia. Nendeni kwa mwenyewe."

Kabla ya kwenda tulikaa na mchungaji wetu, nasi tunamshukuru kwa jioni ile. Hakuchukua upande. Alitufungulia Zaburi ya 32, mojawapo ya zaburi saba za toba, zile ambazo Martin Luther aliziandikia maelezo akayachapisha mwaka 1517, miezi kadhaa kabla ya hoja zake 95. Akatuonyesha kitu ambacho tulikuwa tumekisoma tangu kipaimara bila kukiona. Mwanzoni mwa zaburi Daudi anamwita heri mtu ambaye makosa yake yamefunikwa. Katikati anasimulia alivyonyamaza na mifupa yake ikachakaa, mpaka alipoacha kuufunika uovu wake mbele za Mungu. Katika Kiebrania, mchungaji alisema, tendo ni moja, mzizi mmoja, kufunika. Waliotafsiri Biblia ya Union kwa Kiswahili hawakutumia neno moja. Pale mwanzo waliandika kusitiriwa; pale katikati waliandika kuficha.

Tulirudi nyumbani gizani tukiwa tumekaa kimya, kila mtu na maneno hayo mawili. Anayezungumza Kiswahili tangu utotoni haitaji kufundishwa tofauti yake. Nguo husitiri. Mwenye nyumba humsitiri mgeni. Tunamwomba Mungu atusitiri, na tunamzika mtu ili asitirike. Kuficha ni kwa mwizi na mali, au mtoto na sahani iliyovunjika. Kitu kilichositiriwa kina mtu mwingine anayekijua na amekubali kukifunika. Kilichofichwa kina mwenyewe tu na hofu yake. Jambo ambalo hatukuweza kulijua kwa kuutazama mlango ni lipi kati ya hayo mawili Baba alikuwa amelifanya. Puti ni puti.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulimngoja yule mzee nje. Tulimwamkia, tukamwambia tumefikia wapi na gari. Hakuonekana kushtuka. Alisema, "Nitakuja niuone." Alikuja Jumatatu asubuhi na fimbo yake, akapiga magoti kwa shida mbele ya mlango, akapitisha kiganja kwenye bamba la chuma muda mrefu. Kisha akaomba kiti. Haya tunayoandika tunayaandika kwa ruhusa yake, bila jina lake, kama alivyotaka.

"Baba yenu alikuja kwangu siku ya tatu baada ya mazishi," alisema. "Alikuja na isale mkononi, yeye na mjomba wake na mchungaji wa wakati ule. Mimi sikutaka hata kumwona. Lakini isale ni isale, wanangu."

Kwa wasomaji wa mbali: isale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini, na katika mila ya Kichagga anayeletewa jani lake na mtu anayeomba msamaha hamfukuzi. Wazee wetu walikuwa nalo kabla ya Injili kufika mlimani, na Injili ilipofika haikuling'oa.

"Akakaa pale sebuleni akasema yote," mzee aliendelea. "Kwamba alikuwa anakwenda kasi kuliko barabara ilivyotaka. Kwamba aliijua ile kona. Hakujitetea hata kwa neno moja. Nami nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikasikia aibu, kwa sababu kuna kitu hakukisema. Hakusema kwamba mimi nilikuwa nyuma nikigonga kioo kwa ngumi, nikimpigia kelele aongeze mwendo. Nikimwambia mke wangu akifia humu damu yake iko juu yako. Hilo aliliacha. Basi nikalisema mimi. Mchungaji akatuombea sote wawili. Nikamwomba jambo moja tu, asije akalisema kwa watu kwamba mimi ndiye niliyemkimbiza, maana wakwe zangu wasingenielewa. Akaniahidi. Mlikuwa mnasikia watu wanasema aliua akapaka rangi?"

Tulisema ndiyo, tulisikia.

"Hata yeye alisikia," mzee alisema. "Wakwe zangu wote wamekwisha kutangulia. Ninyi ndio mliobaki."

Hapakuwa na mtu aliyejua la kusema. Mama alitoka na chai, akampa kikombe kwa mikono miwili, na tuliona kwa jinsi alivyompa kwamba alikuwa amejua siku zote.

Tungependa kuandika kwamba tangu hapo kaka na dada walikubaliana. Kaka alisema, unaona, Baba alisitiri. Dada alisema ndiyo, alimsitiri mwenzake, na sisi watoto tukabebeshwa mawe ya shuleni kwa miaka yote. Angalau tungeambiwa tulipokuwa watu wazima. Bado wanabishana hilo, kwa upendo, na wengine wawili tumegawanyika. Tunachokubaliana sote ni hiki: ahadi ile ilikuwa safi, na bamba lile bado lilikuwa likiila alumini. Mambo hayo mawili yalikaa mahali pamoja kwa miaka thelathini na saba bila moja kulifuta jingine. Baba alimsamehe mtu na alisamehewa, kisha akaenda kwa fundi aliyekuwa na chuma tu mkononi, akatengenezewa mlango kwa kilichokuwepo. Mwaka ule wa 1987 nani angempatia karatasi ya alumini kijijini?

Tulimwuliza mzee kama angependa ule mbonyeo ubaki kama ulivyo, kuwa kumbukumbu. Wazo hilo lilikuwa la mdogo wetu, na sisi wengine tuliliona zuri sana. Mzee alilishangaa. "Nyoosheni," alisema. "Mlango unaoingiza mvua ni wa nini?"

Fundi alizitoboa ribiti moja moja, bamba likaanguka chini kwa mlio. Ndani yake, upande uliolalia bati, kijani cha kiwandani kilikuwa bado kiko, kipande cha ukubwa wa kiganja, kinang'aa kama cha jana. Sehemu iliyoliwa ilikatwa, ikawekwa alumini mpya kwa ribiti za alumini, na iliyobaki ikanyooshwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, taratibu, kutoka pembeni kwenda katikati. Mlango ukisimama kwenye mwanga wa jioni utaona bado kuna kivuli kidogo. Fundi alisema angeweza kukimaliza kwa puti kijiko kimoja. Tulimwachia aamue. Akatia puti kijiko kimoja, nasi hatuna ugomvi na hilo. Puti juu ya bati zima lililosafishwa ni kazi halali.

Alumini iliyo wazi haisubiri. Ndani ya muda mfupi hewa huivika utando mwembamba usioonekana, unaoilinda yenyewe lakini unaokataa rangi. Kwa hiyo siku ya kupiga praima mambo yote yalifanyika kwa mbio: msasa namba 180, kisha 320, kufuta kwa tina na kitambaa safi, na praima ya asidi inayojing'ata kwenye bati, yote kabla ya saa tisa mchana. Hapo ndipo tulipotambua kwamba muda wote ule hatukuwa tukipigana na rangi. Gari lisilo na rangi halikuwa lengo la mtu yeyote. Liliachwa uchi kwa siku moja, katika mwaka mzima, ili livikwe vizuri.

Lilipigwa kijani. Paa likapigwa rangi ya maziwa, kwa ajili ya yale ya hospitali. Tamasha la Arusha lilitupita. Wakati Landrova zinajipanga barabarani, letu lilikuwa juu ya matofali, milango imeng'olewa, na kaka aliangalia msafara kwenye simu akiwa amekaa juu ya tairi. Mzee amekwisha kupanda mara mbili, mara moja kwenda kliniki ya macho. Hukaa mbele, kushoto, na hulalamika kwamba kiti ni kigumu.

Lile bamba la chuma hatukujua tulifanyie nini. Lilikaa ukutani wiki kadhaa, kila mtu analipita. Siku moja tulikuta Mama amelisugua, amelipigilia misumari kwenye banda jipya la kuku, mahali palipokuwa na tundu ambalo kicheche alikuwa akipitia.